Kitambi cha Wangila

Séraphine, kitendawili! Mgeni wangu namlisha vizuri, naye ananizibia njia za moyo. Ni kitambi, dada!

Mdogo wangu Wangila kaanguka leo, kashika kifua. Daktari anasema sukari na mafuta ya miaka mingi vimeziba mishipa ya moyo.

Sasa hivi nimemfumania kitandani analamba mafuta ya nguruwe vidoleni. Vidoleni, Séraphine! Halafu kajifuta midomo kwa shuka la hospitali. Kinyaa kitupu!

Daktari kamuuliza, “Mzee, dawa ya sukari uliacha lini?”

Mkewe akalia, “Baba Travis, jibu! Unataka niwe mjane?”

Mwishowe Wangila akanong'ona, “Nilipoacha kukonda. Mtaa mzima wa Nateete ulisifia kitambi, nikajua nimepona.”