Mzee na Mshipa wa Fahamu

Elinipa, baba mkwe atanitia wazimu.

Unajua tangu alipoanguka shambani kwenye kahawa, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Leo mjini daktari kamwambia, "Mzee, mshipa wa fahamu umeumia. Vaa kifaa hiki mkononi, fanya mazoezi, mkono utarudi taratibu."

Mzee kasikia FAHAMU tu.

Fahamu, Elinipa. Kachukua kofia yake, kasimama. "Mimi sijachanganyikiwa. Ni mzee wa kanisa miaka ishirini."

Kufika nyumbani Nkoaranga, kifaa kakitupa migombani. Namweleza jikoni kwamba ni mshipa wa kuhisi, wa mkono, hataki.

"Akili zangu ninazo, mwanangu." Anasema hivyo huku kiganja cha kushoto kimeegemea sufuria ya maziwa, inachemka.

Nimepiga kelele mimi. Yeye kaniangalia kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa.