Vipele vya Watoto na Mimba Ambayo Kamati Haiijui

UMOJA WA WAZAZI, CHEKECHEA YA MKOROSHONI, IFAKARA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMAMOSI TAREHE 17 MEI 1997 KATIKA DARASA LA WAKUBWA

WALIOHUDHURIA
Bw. Teofili – Mwenyekiti
Bi. Balbina – Mweka Hazina
Bi. Tekla – Mjumbe
Bw. Obadia – Mjumbe
Mwl. Careen – Mwalimu (ni mkwe wa Mweka Hazina)
Bi. Aikande – Katibu

MGENI MWALIKWA
Nesi Marsiana, kliniki ya mama na mtoto

WASIOHUDHURIA
Mwl. Serafina – yuko Idete analinda mpunga wake (kwa taarifa)
Bw. Wiliam, Mjumbe, mume wa Mwl. Careen – yuko Mlimba kwa biashara ya mchele (bila taarifa, ingawa mama yake, Mweka Hazina, alisema yeye anayo taarifa na inatosha)

KUMB. NA. 1/5/97: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nne na nusu asubuhi. Barua ya wito, aliyoisaini mwenyewe, ilitaja saa tatu. Aliwashukuru wajumbe kwa kujali muda. Aliomba mazungumzo yawe mafupi kwa kuwa wateja walikuwa wanamsubiri kwenye mashine yake, ambako anakoboa mpunga wa nusu ya mji na kuishauri nusu iliyobaki.

KUMB. NA. 2/5/97: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Kikao kilikumbushwa kwamba wiki iliyopita, watoto walipoanza kutokwa na vipele, Mwenyekiti alipendekeza wanaoumwa wasirudishwe makwao, bali wakusanywe kwenye chumba cha stoo chini ya uangalizi wa Mwalimu Careen. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli: ndege wameingia mpungani, wazazi wamehamia kwenye madungu kuwafukuza tangu alfajiri hadi jioni, na mtoto mwenye homa hawezi kushinda juu ya dungu. Pendekezo lilipita kwa kauli moja, nayo ilikuwa ya Mwenyekiti.

Mwalimu Careen ndiye aliyepewa kazi hiyo kwa sababu aliwahi kuugua surua akiwa mdogo. Hoja hii ililetwa na Bw. Obadia, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mlinzi wa geti kwenye zahanati ya shamba la miwa, na kwa hiyo ndiye daktari wa kamati hii. Alieleza wakati ule kwamba aliyeugua surua hadhuriki na kipele chochote. Wajumbe waliridhika kwa kuwa alisema kwa sauti kubwa.

KUMB. NA. 3/5/97: OMBI LA MWALIMU CAREEN KUONDOLEWA KATIKA DARASA LA VIPELE

Mwalimu Careen aliomba mtu mwingine akae na watoto wa stoo. Alipoulizwa sababu alisema hajisikii vizuri. Mwenyekiti alitaka kujua hajisikii vizuri kivipi. Mwalimu alijibu kwamba ni asubuhi tu.

Kwa faida ya atakayesoma kumbukumbu hizi, Katibu anaeleza yafuatayo. Mwalimu Careen aliolewa Januari. Tangu mwezi uliopita analamba ndimu akiwa anafundisha, anatema mate kila saa, na uji wa watoto ukianza kuchemka hutoka nje mbio. Mpishi anajua, wazazi wanajua, na wauza vitumbua wa barabarani wanajua. Hata hivyo, huku bondeni mimba changa haisemwi. Inasubiriwa mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, na anayeitaja kabla ya hapo anahesabiwa kuwa ameiitia macho mabaya ya watu. Kwa hiyo wajumbe wote wanajua, lakini kamati haijui. Katibu ni mtu wa kuja, kwao ni Machame, na anaomba asamehewe kwa kuandika kitu ambacho hakipo.

Bw. Obadia alisema hiyo ni malaria na akapendekeza klorokwini. Bi. Balbina alisema mkwe wake hana malaria. Mwenyekiti akamuuliza, basi ana nini. Bi. Balbina alijibu kwamba hana kitu. Wajumbe walitazama dari, na kwa kuwa chekechea haina dari, walitazama mabati.

Mwenyekiti alisema kamati haiwezi kumwondoa mtu kazini kwa ugonjwa ambao mwenyewe hautaji na mama mkwe wake anasema haupo. Mwalimu Careen alikaa. Alitoa ndimu akailamba, na hilo lilionekana na kila mtu aliyekuwa anatazama mabati.

KUMB. NA. 4/5/97: MAELEZO YA MGENI MWALIKWA

Nesi Marsiana alieleza kwamba alipita stoo kabla ya kikao na kuwaangalia watoto. Walichonacho si surua tunayoijua. Homa ni ndogo, vipele ni vyepesi na hukauka kwa siku tatu hivi, na nyuma ya masikio kuna vitezi vimevimba. Anaamini ni rubela. Kwa mtoto haina makuu, wiki ijayo wote watakuwa wanarushiana mawe kama kawaida.

Bw. Obadia alisema ndiyo maana yeye hakuwa na wasiwasi tangu mwanzo.

Nesi aliendelea, kana kwamba hajasikia. Alisema shida ya rubela haiko kwa mtoto mwenye vipele. Iko kwa mama mwenye mimba changa anayembeba mtoto huyo. Akiambukizwa katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa kiziwi, au na ukungu kwenye macho, au moyo mbovu. Mama mwenyewe anaweza asione zaidi ya vipele viwili vitatu. Kuugua surua au kuchanjwa surua hakumkingi mtu na rubela, kwani ni magonjwa mawili tofauti. Anayekingwa ni yule aliyewahi kuugua rubela yenyewe, ambaye kwa kawaida haimrudii. Chanjo yake ipo duniani lakini kliniki yetu haina, na hata ingekuwepo, mwenye mimba hachomwi.

Bw. Obadia aliulizwa kama ana nyongeza. Alisema hana.

Mwenyekiti aliuliza kama stoo haitoshi kuwatenga. Nesi alijibu kwamba mtoto huambukiza siku kadhaa kabla kipele cha kwanza hakijatoka. Kwa hiyo mwenye mimba anatakiwa awe mbali na chekechea yote, si stoo peke yake. Katika kusema hivyo alimtazama kila mtu isipokuwa Mwalimu Careen, jambo lililowafanya wote wamtazame Mwalimu Careen.

KUMB. NA. 5/5/97: MJADALA

Mwenyekiti alishukuru kwa elimu nzuri, akasema sasa suala ni utaratibu. Alipendekeza kwamba mwanamke yeyote wa chekechea mwenye mimba changa atoe taarifa kwa maandishi kwa Mwenyekiti, naye ataishughulikia kwa siri. Ilibainika kwamba hakuna mjumbe aliyewahi kuona siri ikitoka salama mashineni kwa Mwenyekiti, lakini hakuna aliyelisema hilo, na Katibu analiandika kwa niaba yao.

Bi. Tekla alisema, kupitia kwa Mwenyekiti, kwamba hakuna mwanamke wa hapa atakayeandika barua hiyo. Alisema watu wazima wamekaa humu wanaona mtoto wa mwenzao anaingia motoni, na wamefunga midomo kwa adabu.

Bi. Balbina alisema, naye kupitia kwa Mwenyekiti, kwamba wapo watu ambao wangefunga midomo yao mapema zaidi, dunia ingekuwa nzuri.

Hapa pia inabidi Katibu aeleze. Mabibi hawa wawili wamekaa katika kamati moja kwa miaka minne bila kusemeshana ila kupitia kwa Mwenyekiti, hata katika suala la nani apitishe kalamu. Chanzo ni cha mwaka 1973. Bi. Balbina alikuwa na mimba ya miezi miwili, na Bi. Tekla, aliyekuwa shoga yake wa kufa na kuzikana, alimpongeza kisimani mbele ya wanawake. Mtoto aliyezaliwa ni Kasmiri, fundi baiskeli wa hapo sokoni. Hasikii tangu kuzaliwa, na jicho lake la kushoto lina ukungu. Tangu siku ile Bi. Balbina anaamini kwamba mdomo wa Bi. Tekla ndio uliomharibu mwanawe. Amelisema hilo msibani, harusini, na mlangoni pa kanisa, na wengi walimwamini. Wapo wasichana wa mtaa huu ambao mama zao waliwakataza kupita mbele ya nyumba ya Bi. Tekla wakiwa waja wazito.

Mwenyekiti alionya kwamba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Nesi Marsiana aliomba ruhusa ya kuuliza swali moja la nyumbani. Hakusubiri ruhusa. Alimuuliza Bi. Balbina kama mwaka ule, katika miezi ya mwanzo, aliwahi kutokwa na vipele.

Bi. Balbina alisema hakumbuki. Baadaye kidogo alisema alikuwa Idete kwa dada yake, msimu wa ndege kama huu, wakiishi dunguni. Baadaye tena alisema watoto wa dada yake walikuwa na vipele, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anawalaza kifuani kwa sababu dada yake alishinda anafukuza ndege. Vipele vilimtoka naye, mikononi na shingoni. Alioga maji ya mwarobaini vikaisha. Hakumwambia mtu kwa kuwa havikumuuma.

Nesi alisema bila damu kupimwa wakati ule hakuna wa kuapa, lakini mtoto asiyesikia na mwenye ukungu wa jicho, mama akiwa alitokwa na vipele katika mwezi wa pili, ni habari anayoifahamu.

Bi. Balbina aliuliza kama si mdomo wa mtu.

"Si mdomo, mama," alisema Nesi Marsiana. "Ni vipele. Na miezi ile ambayo nyie hamsemi ndiyo miezi ambayo ugonjwa huu unafanya kazi yake."

Mwenyekiti alitaka kusema jambo, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe aliliacha.

Bi. Tekla alizungumza bila kupitia kwa mtu yeyote. Alisema, "Miaka ishirini na minne, Balbina." Katibu anaona aibu kwa mzaha wote ulioandikwa hapo juu, ila karatasi ni chache na hauwezi kufutwa.

Bi. Balbina alisimama. Alizoea kusimama kwa kushika meza, lakini safari hii alimshika Mwalimu Careen bega. Katibu anayanukuu maneno yake kama yalivyotamkwa:

"Mkwe wangu ana mimba. Ya miezi miwili. Nimeisema mimi, mbele ya wanaume, na mnaotaka kuandika andikeni."

Mwalimu Careen alianza kulia. Alipoweza kusema aliuliza, kama wiki hii moja ya stoo imeshaingia, itakuwaje. Nesi alisema Jumatatu atachukuliwa damu ipelekwe hospitali kubwa. Huenda aliugua utotoni bila mtu kujua, kama watu wengi, na kinga anayo. Kama hana na ameambukizwa, dawa ya kuizuia haipo, na yeye hatamdanganya. Majibu yatachelewa. Alisema, "Tutayasubiri pamoja, mwanangu." Bi. Tekla alimpa Mwalimu kanga yake ajifute uso, na Bi. Balbina aliiona kanga ile ni ya nani na hakuiondoa.

KUMB. NA. 6/5/97: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba Mwalimu Careen asikanyage chekechea kuanzia leo mpaka vipele viishe kabisa na Nesi aseme vimeisha, na aende nyumbani sasa hivi bila kusubiri kikao kifungwe. Alikwenda, akisindikizwa na Nesi Marsiana.

Iliazimiwa kwamba Bi. Tekla apite kwenye madungu, kuanzia upande wa Idete, awaeleze wanawake habari hii kwa mdomo wake. Pendekezo hili lililetwa na Bi. Balbina. Bi. Tekla aliuliza kama watamsikiliza yeye. Bi. Balbina alijibu kwamba watamsikiliza, kwa kuwa watakwenda wote wawili siku ya Jumapili baada ya misa, na atakayeanza kusema ni Balbina.

Pendekezo la taarifa kwa maandishi liliondolewa na aliyelileta. Alisema alikuwa analitoa kama mfano tu.

Suala la nani akae stoo na watoto wenye vipele lilichukua muda. Bw. Obadia alisema mgongo unamsumbua. Mwenyekiti alikumbuka wateja wake. Bi. Balbina alisema atakaa yeye, kuanzia Jumatatu mpaka mtoto wa mwisho apone. Mwenyekiti alimpongeza, akasema hakuna hatari, kwani kwa umri wake hata asipokuwa na kinga si neno.

"Kinga ninayo," alisema Bi. Balbina. "Kasmiri ndiye aliyeilipia."

KUMB. NA. 7/5/97: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo. Hayakuwepo. Kikao kilifungwa saa sita na dakika kumi mchana, na Bi. Balbina hakutoka na wenzake. Alikwenda stoo bila kuisubiri Jumatatu.

……………………………
Teofili
MWENYEKITI

……………………………
Aikande
KATIBU