Bakuli kwa Muuza Nyama

Mwenzangu, upo? Acha unachofanya, nisome kwanza.

Nimetoka kwa muuza nyama sasa hivi.

Si unajua tangu mwalimu wetu wa darasa la jioni atuambie tukatazame lundo la mifuko ya plastiki majikoni kwetu, siku hizi natoka na vyombo vyangu? Basi leo nimekwenda na lile bakuli langu la mfuniko, mtoto mgongoni. Foleni hadi mlangoni. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha bakuli kabla sijasema nataka nini.

Akaniangalia. Akamwangalia mtoto. Akasema kwa upole, "Mama, kaa pembeni kidogo. Nikimaliza wateja nitakutilia mifupa."

Mifupa! Kanidhania ombaomba!

Nikamwambia, "Kaka, nimekuja kununua. Nisichotaka ni mfuko tu."

Mama mmoja nyuma yangu akanishika bega: "Usione haya, mwanangu. Sote tumepitia."

Sote tumepitia!! Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini kilichoniuma si hicho. Niligeuka kutafuta uso mmoja wa kucheka nao, nikaukosa. Ungekuwepo ungeangua kicheko mpaka muuza nyama mwenyewe acheke. Tangu uhame, vichekesho vyangu namhadithia mtoto, naye hana hata meno.

Nyama nimeipata, ndani ya bakuli, na mfupa wa bure juu yake. Mfuko sikuchukua.

Jumamosi narudi na bakuli lilelile. Nipigie nikiwa kwenye foleni, nisisimame peke yangu.