Majina ya Mama Zetu Hayamo

Bomani, Morogoro
4 Machi 1912

Mpendwa Mjomba Kibwana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tanga, na kile kifua sasa kinakuacha ulale. Sisi huku tuko wazima wa mwili. Mvua imeanza vizuri, na dada yangu Shamsia amejifungua mtoto wa kike.

Habari nzito ni hii: mama yako mkubwa, Bibi Chausiku, ametutoka wiki iliyopita. Hakuugua sana. Tumemzika kule juu mlimani, pamoja na wakubwa wake. Pole sana, mjomba wangu.

Sasa nisikilize, maana nisipokwambia wewe sina wa kumwambia. Mwaka juzi Wadachi walinituma, mimi karani wao, nipande milimani niandike habari za koo. Karatasi zao ziliuliza baba, na baba wa baba. Nikauliza hivyo hivyo, mimi Mluguru mzima, ninayejua kwamba kwetu ukoo na shamba hufuata kwa mama. Bibi Chausiku alikaa nami tangu asubuhi akinitajia kina mama waliofyeka mlima wetu, mmoja baada ya mwingine, hadi wa kwanza. Nikamwambia, "Bibi, karatasi haina nafasi ya hao." Akacheka. "Basi chukua karatasi nyingine, mjukuu wangu." Nyingine zilikuwamo mkobani, mjomba. Nilikuwa na haraka, na nilijiona mtu mkubwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu gazeti likachapa habari zile. Ukoo wetu umo, wanaume watupu. Watu walifurahi mno. Noorali amelibandika ukutani dukani kwake, na hata wasiojua kusoma huingia kulitazama.

Juzi tulikwenda kutambika makaburini. Kuwataja waliotangulia ilikuwa kazi ya Bibi. Kati yetu hakuna aliyejua jina lolote kupita la mama yake. Mzee Stambuli akatoa gazeti ndani ya kanzu, akanikabidhi. "Soma wewe, mwanetu. Humu wamo wote."

Nikasoma. Juu ya makaburi ya mama zetu nilisoma majina ya waume zao, watu waliokuja kwetu kuoa tu. Ndugu wakaitikia kila jina. Tulipomaliza wakanishika mkono, wakanishukuru.

Shamsia anataka jina la zamani la ukoo ampe mwanawe, nami sina la kumpa. Najua uliondoka huku ungali mdogo. Hata hivyo, ukikumbuka hata moja, niandikie. Sina tumaini kubwa, mjomba. Nimekata tamaa na mkono wangu huu ulioandika yale.

Nisalimie Bi Zaina na mwanao Salum. Mungu akupe umri, akutunzie na kumbukumbu yako.

Ni mimi mpwao nikupendaye,

Mikidadi,
mtoto wa Pili,
mtoto wa Mwaisha,
mtoto wa Mwajuma,
na zaidi ya hapo sijui.