Protini ya Mama Iko Juu

Kinole, 4 Machi 2025

Mwanangu Winfrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Dar? Huku wazima, ila kifua changu kinakohoa kama pikipiki inayopanda mlima. Vipimo vya ule uvimbe wa pafu vimerudi. Daktari wa mjini kasema protini yangu kwenye damu iko juu kuliko ya wagonjwa wake wote. Nimeitangazia jumuiya nzima baada ya sala. Jirani yetu Lucy, pamoja na mayai yake ya kila asubuhi, hajawahi kusifiwa hivyo. Nikawaambia, huyu ni mama wa msichana anayepima damu maabara, mlitegemea nini? Dripu za saratani naanza lini?

Mama yako

Dar es Salaam, 15 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Barua yako nimeisoma kazini, nikashindwa kuendelea na kazi. Mama, hiyo siyo protini ya maharage na mayai. Inamwagwa kwenye damu na uvimbe wenyewe. Ikiwa juu, uvimbe ni mkali, na wengi wenye kiwango chako dawa haiwasaidii, wala hawaishi muda mrefu. Nadhani daktari alikuona umefurahi, akashindwa kumalizia. Dripu zitakutapisha na nywele zitakwisha. Ukiamua kupumzika nyumbani sitakulaumu. Nitakuja tukae wote.

Mwanao, Winfrida

Kinole, 22 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Kwanza kabisa, Lucy asijue.

Pili, umesema wengi. Hao waliobaki ni akina nani? Maana mimi niko upande wao. Ulipotaka kusoma sayansi, mjomba wako Benedikto alisema wasichana wengi wa huku hawamalizi, bora ulime iliki. Nilimuuliza hivyohivyo, mbele ya ukoo. Leo wewe ndiye unaniletea maneno ya mjomba wako?

Alhamisi nashuka mjini kuanza dripu. Dereva Athanas ananiwekea kiti cha mbele, nyuma atapakia ndizi. Kama unakuja kukaa na mimi, njoo ukae kwenye benchi la wodi, na beseni la kutapikia ulishike wewe.

Mama yako, ambaye hajachoka

Dar es Salaam, 9 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Unaendeleaje tangu nikuache? Majibu ya kipimo cha pili yametoka. Protini haijashuka hata kidogo, maana yake dawa hii haifanyi kazi. Daktari anauliza tujaribu dawa nyingine, au tuishie hapa. Nimemwambia nitakuuliza. Safari hii sikushauri lolote.

Mwanao

Kinole, 14 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Uji unapita, na jana nimepanda hadi kanisani, nikasimama mara nyingi njiani kama bibi harusi. Mwambie alete hiyo nyingine. Nywele zimeshakwisha, sijui itanitisha na nini.

Protini imekataa kushuka? Basi Alhamisi nashuka mimi.

Mama yako