Wananiita Shemeji Wumm

Mpendwa Mshauri Verena, naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi niliolewa huku Engadine, milimani Uswisi, nikitokea tambarare za Thurgau, mwaka wa kumi na nane huu, na unaujua ule mguno, theluji inapoketi ghafla chini ya ski zako, zile mbao za kutelezea, wumm, ishara kwamba mteremko unaweza kuporomoka. Kila mtoto wa hapa anafundishwa kwamba anayeusikia apige kelele "Wumm!" na wote wasimame. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga kelele, tukasimama watu tisa kwenye baridi, kumbe ni paa la zizi limemwaga theluji yake, wakacheka mpaka wakakaa chini, na shemeji yangu Jachen akanibatiza Shemeji Wumm, nami tangu hapo ndilo jina langu, dukani, kanisani, hadi kwenye keki ya siku yangu ya kuzaliwa.

Sasa Jumapili iliyopita, baada ya dhoruba ya siku tatu, tulipanda kwenda kibanda cha juu, Jachen mbele, kisha binti yetu Madlaina wa miaka kumi na sita, mume wangu Flurin, na mimi nyuma. Taarifa ya asubuhi ya maporomoko ilisema hatari daraja la tatu kati ya tano, Jachen akasema, "Tatu ndiyo hali yetu ya kila siku, shemeji, ukingoja mbili utazeekea jikoni." Kwenye mteremko wa mwisho nikausikia ule mguno, tena si kwa masikio tu, niliusikia magotini. Nikafungua mdomo, nikaufunga, kwa sababu nilishawaona watakavyocheka.

Tukapita. Tulipofika mwambani ng'ambo Madlaina akasema, "Mama, tazama," nikageuka, na mteremko wote tuliotoka kuukanyaga ukapasuka juu kwa mstari mmoja, kimya kabisa, Mshauri, ukaanza kutembea, mpana kuliko kijiji chetu, ukijikunja kama shuka linalovutwa kitandani, nyayo zetu zikaenda nao, kisha ndipo ikaja ngurumo na upepo wake ukatupiga usoni. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na aibu yangu ni kwamba nilikiona kizuri, nilitaka kupiga magoti. Jachen akasema, "Tuna bahati sisi!" akamimina chai. Flurin naye tangu siku ile amekuwa mpole, haniiti Wumm, ananiita Regula, nadhani ni uchovu.

Jumamosi wanapanda tena kibandani, chama cha ski kina supu ya shayiri huko juu, na dhoruba nyingine inaingia Ijumaa. Madlaina ameshafunga mkoba wake. Nikisema, mwanangu atajua nilisikia nikamwacha apite. Nifanyeje?

Regula

Regula, barua yako nimeisoma, kaa chini kwanza nikugombeze. Ulisikia ukanyamaza. Usinitajie paa la zizi! Uliogopa kuchekwa kuliko kumfukua mwanao. Nimesema, sirudii, naona umejisema vya kutosha.

Kuona uzuri si dhambi. Nina miaka sabini na moja chini ya milima hii, na bado poromoko likishuka ng'ambo ya bonde naacha vyombo kwenye beseni natoka nje, nasimama na povu mikononi. Kitu kile hakijui kama tupo. Nakiogopa na nakistaajabia vilevile kama wewe.

Sasa huyo Jachen. Mwambie tatu si katikati. Watu wengi hufia kwenye tatu, kwa kuwa kwenye nne wanabaki nyumbani. Theluji mpya juu ya theluji inayoguna, na nyinyi wanne mkapita kwa pamoja kama kondoo! Jumamosi hapandi mtu. Supu ya shayiri inaiva hata jikoni kwako. Siku theluji ikitulia, kila mmoja awashe kifaa chake cha kutafutana chini ya theluji na mkipime mlangoni, sepetu na fimbo ya kupekulia ziwe mkobani, kwenye mteremko mkali mvuke mmoja mmoja, wengine wakitazama, na sauti moja ikisema turudi, mnarudi, hata kama ni paa la zizi.

Madlaina mwambie leo, uso kwa uso: "Nilisikia, nikaona haya." Atakasirika. Mwache, yu hai wa kukasirika.

Halafu soma tena barua yako, pale mumeo alipoacha kukuita Wumm. Uchovu gani huo, mama? Alikuwa mbele yako tu. Naye alisikia. Nendeni kwa Jachen wote wawili.