Baba Mkwe Anaifungua Njia Niliyoifunga

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, ukishafika unaweza kucheka, maana hata mimi mwenyewe kuna siku nacheka peke yangu ofisini mpaka karani anakuja kunichungulia mlangoni.

Mimi ni mwanamke mwenye mume, watoto wawili na kazi ninayoipenda, ninasimamia msitu wa umma ulio pembeni ya mji wetu, wenye njia za matembezi, viti vya mbao na uwanja mdogo wa watoto kuchezea, na nikisema ninaipenda kazi hii sitii chumvi, kwani asubuhi nikifungua geti nikawakuta wakimbiaji wameshafika wananyoosha miguu, na kina mama wa mazoezi ambao wanaongea kuliko wanavyotembea, na yule muuza duka mstaafu anayekuja kusinzia kwenye kiti kilekile akidai anasikiliza ndege, naona kabisa kwamba nimepata fungu langu duniani na sina cha kudai.

Kabla yangu msitu huu ulikuwa chini ya baba mkwe wangu, ameutunza tangu mume wangu akiwa mtoto, na nyumba tunayoishi ni ileile ya kazi iliyo nyuma ya msitu, ukitoka mlango wa jikoni tu uko chini ya miti. Alipostaafu nafasi ikatangazwa, nikaomba kama watu wengine, nikafanyiwa usaili, nikapata, na yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote, akanikabidhi hata filimbi yake. Lakini baada ya hapo, hasa mama mkwe alipofariki, mzee akazima. Akawa anashinda sebuleni na nguo za kulalia, redio inaongea wala haisikilizi, chakula anakigusagusa, ukimsalimia anaitikia kama mtu aliye chumba cha pili, na mume wangu akawa anarudi kutoka kazini roho juu, hajui atamkuta vipi.

Sasa sikiliza. Mwaka huu mvua zimeula ukingo wa kijito, na njia kongwe kuliko zote, ile inayopita kando ya maji, ikabaki nyembamba, mizizi iko nje, udongo unameguka ukiukanyaga, nikaamua njia ipumzishwe misimu kadhaa na watu wapite ile mpya ya juu. Sisi siku hizi, tangu mzee astaafu, njia tunaifunga hivi: upande wa geti kuu tunasimamisha kibao, na upande wa nyuma, ambako hapiti mtu ila wafanyakazi, tunalaza matawi tu kukatiza njia, kila mfanyakazi akiyaona anajua maana yake, halafu katikati ya njia yenyewe tunapanda miche ili msitu uichukue tena taratibu. Ile miche tuliipanda pamoja na kina mama wa mazoezi na watoto wa shule, ikawa siku ya furaha kweli, watoto wakapakaa matope mpaka masikioni.

Baada ya muda si mrefu matawi yakaanza kuondoka. Tunalaza leo, kesho tunayakuta yamepangwa kando vizuri, manene chini, membamba juu, vichwa vyote upande mmoja, na miche imefyekwa mpaka chini utadhani mtu alikuwa anaandaa uwanja wa harusi. Vijana wangu wakasema ni wahuni, mimi nikasema labda ni nyani, na mfanyakazi wetu wa siku nyingi, tunayemwita Kipara, akasema, "Bosi, nyani gani huyo anayepanga matawi kwa ukubwa?" kisha akanitazama sana, akainama akaendelea kunoa panga lake, kwa sababu yeye mwenyewe kupanga matawi namna ile alifundishwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo anakaa nyumbani kwangu.

Siku hiyohiyo mezani baba akala sahani nzima akaomba nyingine, watoto wakatazamana, naye akanigeukia akasema, "Mwanangu, kuhusu ile njia ya kijito usiwe na wasiwasi. Vijana wako ni wavivu, matawi yanaanguka hawaondoi, vichaka vinaota katikati ya njia wanaviangalia tu. Mimi nakusafishia kila asubuhi, wakubwa wasije wakakusema." Mshauri, kijiko kilinigandia mdomoni. Baba yangu huyu anaamka kabla yetu sote, giza bado halijaisha na macho yake si ya zamani, anavaa buti zake, anatokea mlango wa jikoni, kibao hakioni maana kiko upande mwingine kabisa, anakuta matawi njiani na anafanya alichokifanya maisha yake yote, anasafisha, tena kwa ajili yangu. Nikasema, "Ahsante, baba." Ndiyo, nilisema ahsante.

Tangu hapo ndani ya nyumba tuna mtu mpya. Anapiga mluzi, ananyoa ndevu, anawatania wajukuu, ameanza tena kugombana na mtangazaji wa mpira redioni, kelele ambazo zamani zilinichosha na sasa nazisikia kama muziki. Nilipomweleza mume wangu akanishika mikono yote miwili akasema, "Mke wangu, nakuomba sana, muache mzee. Njia ni njia tu. Mimi baba yangu nilikuwa nimeshampoteza." Nikamwelewa, nikanyamaza, nikawa nawatuma vijana walaze matawi upya na kupanda miche upya, wao wananung'unika, mzee anafyeka, anarudi na njaa yake, na nyumba ina raha ambayo hatujawahi kuwa nayo. Kuna asubuhi nasimama jikoni nasikia mluzi wake unakuja, najua kabisa ametoka kuniharibia kazi, na bado moyo wangu unafurahi, sasa mtu mwenye moyo kama huu afanyeje?

Juzi mwalimu mmoja anayekimbia kila asubuhi aliona kibao, lakini akaona pia njia nyeupe, imefyekwa safi, akadhani kibao kimesahaulika, akapita. Ukingo ukameguka, akateguka kifundo cha mguu. Anaendelea vizuri, nilikwenda kumwona na ananitania kwamba nimempa likizo, lakini mkuu wetu wa idara hataniwi. Ameamuru askari wawili wajifiche kwenye vichaka vya kijito kuanzia Jumatatu alfajiri, wamkamate huyo mhuni, wamlete mbele ya ofisi, na mpiga picha wa idara awepo ili iwe fundisho kwa wengine. Nikasema, "Sawa, mkuu." Siku hizi mimi kila mtu namwambia sawa.

Nikimwambia baba ukweli, naogopa atarudi kwenye zile nguo za kulalia na safari hii hatazivua tena. Nisipomwambia, atakamatwa kama mwizi na ofisi aliyoitumikia kwa moyo wote, unga wangu unaweza kumwagika, na njia ile itamvunja mtu mwingine ambaye hatakuwa na mzaha kama mwalimu. Nimefikiria kumfichia buti. Nimefikiria kuwaelekeza askari kwenye kijito kisichohusika. Mkwe anaanzaje kumwambia baba mkwe wake kwamba anaharibu, mimi ambaye sijawahi hata kumkatiza akiongea? Nijibu haraka, na usiogope kuichapa barua hii, baba hasomi ukurasa wako, anasema ni wa watu wasio na kazi za kufanya.

Ni mimi,
Mkwe wa Msituni

*

Mkwe wa Msituni,

Barua yako nimeipitisha mbele ya foleni kwa sababu ya hiyo Jumatatu, na kuna bwana mmoja mwenye wachumba wawili na ukumbi mmoja wa harusi ambaye hatanisamehe. Nimecheka, ndiyo, tena mapema kuliko ulivyoniruhusu, pale kwenye nyani. Pole, mwanangu. Wengi wanaoniandikia wana nyumba ambazo hakuna anayemjali mwenzake. Wewe una nyumba ambayo mnajaliana mpaka mnataka kuvunjana miguu. Nimefurahi kuisoma na sasa nitakugombeza.

Hiyo unayoiita heshima mimi naiona ni woga. Hebu hesabu pamoja nami. Wewe unajua, mumeo anajua, Kipara anajua na amekusitiri kwa kunoa panga, na vijana nao watajua wakati wowote maana si wajinga. Katika msitu mzima mtu pekee asiyejua kinachoendelea ni yule aliyeutunza maisha yake yote. Umemheshimu mzee wa watu mpaka umemfanya wa kuchekwa. Na ukimwacha huyo mkuu wako afanye yake Jumatatu, utakuwa umemheshimu mpaka kwenye picha.

Jambo la pili, na hili umelipita mbio kwenye barua yako. Wale watoto waliopakaa matope walipanda miche wakaambiwa itakuwa miti. Wewe umewaacha waamini hivyo huku ukisikiliza mluzi jikoni. Msitu huo si sebule ya familia yenu. Si wako, si wa mzee, si wa mumeo. Umekabidhiwa uwatunzie watu, pamoja na huyo anayesinzia kwenye kiti, na mwalimu aliteguka mguu kwa sababu wewe uliamua furaha ya nyumbani kwako ipite kwanza. Naielewa sababu yako, lakini mguu ni wa mwalimu.

Mumeo umsomee sehemu hii. Baba yako hakurudishwa na njia ya kijito. Alirudishwa na kuwa na sababu ya kuvaa buti asubuhi, kwa kuwa aliona mtu anayempenda anahitaji msaada. Hilo halifutiki kwa sababu njia moja imefungwa. Na wewe bwana, acha kumtumia mkeo kama pazia, hofu ni yako na umemtwisha yeye.

Sasa kazi. Gazeti linatoka Jumamosi, kwa hiyo leo hiihii mpigie mkuu wako simu. Mwambie mtu anayemtafuta ni baba mkwe wako, hakuwahi kuambiwa kwamba njia imefungwa, wewe umelijua hilo muda mrefu na hukulisema. Atapiga kelele. Weka simu mbali kidogo na sikio, akimaliza mwambie awaondoe askari. Akikupa onyo, lipokee bila kujitetea, unalistahili na halitakuua. Na kabla jua la Jumapili halijapanda, weka kibao upande wa nyuma pia. Mambo ya kufunga njia kwa ishara wanayoielewa wafanyakazi peke yao, mkiwa na mstaafu mlango wa jikoni, ni uzembe wa ofisi yenu na uishe.

Kisha Jumapili hiyohiyo, kabla hajatoka peke yake, nenda na mzee kijitoni. Si mezani mbele ya wajukuu, na mumeo abaki nyumbani kwa sababu atalia kabla hamjafika. Vaa sare yako ya kazi. Mfikishe ukingoni, muache auangalie mwenyewe, usimfundishe udongo. Akishaangalia mwambie, "Baba, njia hii niliifunga mimi, na hivyo vichaka ni miche yangu." Halafu funga mdomo. Nakujua sasa, utataka kuongeza "lakini ahsante," "lakini si kosa lako," "lakini usijali." Usiongeze kitu.

Anaweza kukasirika. Anaweza kunyamaza, akarudi nyumbani mbele yako, akakataa chakula siku hiyo na hata ya pili yake. Usimkimbilie na sahani wala usimbunie cheo hapohapo ili kumpoza; mtu aliyesimamia wafanyakazi miaka yote hiyo, kazi ya kuhurumiwa anaitambua kutoka mbali. Ngoja hasira iishe. Miche itapandwa upya, kina mama watakuja, watoto watakuja, na kwa unavyoandika vijana wako wamechoka na shughuli hiyo, kwa hiyo msaada unauhitaji kweli. Hapo ndipo umwombe, ofisini, kama unavyomwomba mtu mwingine yeyote anayejitolea, ukimwonyesha pa kugusa na pasipoguswa. Na akikosea, mwambie siku ileile. Akikataa kuja, atakuwa amekataa mwenyewe akiwa anajua anachokikataa.

Kuhusu kwamba hasomi ukurasa huu: wazee wanaosema hivyo ndio wanaojaza sanduku langu la barua. Ukiona gazeti limeshafika sebuleni, usingoje Jumapili, mtoe nje sasa hivi.

Atakuuliza ulijua tangu lini. Hilo ndilo swali linalokukosesha usingizi, si hasira yake. Mjibu ukweli, tangu siku ile mezani. Na utakapomwomba radhi, usimwombe kwa sababu uliifunga njia, hiyo ni kazi yako na uliifanya vizuri. Mwombe radhi kwa kudhani kwamba hawezi kuambiwa.